Jani la Sale Jukwaani

Kwenye basi la Kirua Vunjo, Bibi Dominika aliketi nyuma ya mwalimu kijana aliyekuwa akibishana na mzee Ramnik, mshonaji wa pazia la ukumbi, kuhusu igizo la nyimbo lililotoka kwenye riwaya ya kale.

“Kitabuni mke hamsamehi mumewe, mzee wangu. Ninyi mlibadilisha mwisho.”

“Si sisi, mwanangu. Mwaka themanini na saba mume alipiga magoti, akachomoa jani la sale ambalo halikuwamo kwenye mazoezi. Binti aliyeigiza mke akaimba kwamba hataki, ukumbi mzima ukanyanyuka kumpinga. Jani la kuombea msamaha halikataliwi huku mlimani. Hata mimi Mhindi najua. Tangu hapo anasamehe kila tukicheza.”

Abiria walitega masikio, utadhani wamekata tiketi ya igizo.

“Na kama moyoni hajasamehe?” mwalimu aliuliza.

“Huo wimbo hatukuutunga,” alisema mzee, akivuta furushi lake lililobana miguu ya bibi.

Basi liliposimama Kirua, Bibi Dominika alimshukuru mzee kwa kusogeza furushi, akashuka. Ndani ya kanga alikuwa na jani lake la sale, la kumwomba msamaha mdogo wake, ambaye hajasemezana naye tangu matanga ya mama yao. Asubuhi alikuwa na hakika litapokewa. Sasa alijiuliza litapokewa na nani, mdogo wake au majirani.