Bi. Zipora Chilongani, Mpokeaji wa Rejesho Pungufu

Bi. Zipora Chilongani anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka ishirini na sita kwenye marejesho ya shirika letu la mikopo ya nyumba, hapa Dodoma. Jamani, ofisi itapoa! Sauti yake tuliisikia hata tukiwa kantini, na chai yake ya tangawizi imewatoa machozi mameneja wawili.

Alikuja kutoka Kibakwe akiwa karani, akapanda hadi mkuu wa marejesho. Wengi mtamkumbuka kwa ubishi. Zamani mteja aliyeleta rejesho pungufu alirudishiwa pesa zote: akamilishe kwanza ndipo aandikiwe risiti. Basi pesa inaishia sokoni Majengo, na mwezi ujao anadaiwa ya miezi miwili. Bi. Zipora alichukia utaratibu huo waziwazi.

Mwaka 1993 mteja wetu Mzee Athuman alipunguzwa kazi serikalini. Akawa anauza samaki wa Mtera, analeta alichopata, dirishani anarudishwa. Mwisho nyumba yake ya Chang'ombe, iliyojaa wajukuu, ikapangiwa mnada. Bi. Zipora akaanza kupokea kila alicholeta na kumwandikia risiti. Akaitwa ajieleze. Akawaambia wakubwa kwamba anayeleta nusu bado anaitaka nyumba yake. Wa kuogopwa ni yule asiyetokea kabisa.

Hakuishia hapo. Enzi za mshahara, Mzee Athuman alilipa zaidi ya rejesho ili deni lenyewe lipungue, na kweli lilibaki dogo. Lakini ziada ile haikuhesabiwa kuwa malipo ya miezi ya mbele, kwa hiyo alipokwama alionekana mdaiwa sugu. Bi. Zipora akaomba deni lililobaki ligawanywe upya kwa miaka zaidi, rejesho lishuke. Kamati ilinuna, ikakubali. Dalali alikuwa ameshafika na kipaza sauti. Akaambiwa akunje waya zake aende. Tulishangilia kama watoto! Tangu hapo rejesho pungufu linapokelewa kwa kila mteja.

Mzee Athuman amemaliza deni Machi mwaka huu, kabla ya muda aliopewa. Bi. Zipora naye, nyumba yake ya Kibakwe bado haijaezekwa, na ya shirika anayoishi anatakiwa kuikabidhi. Ilituuma sana. Kumbe Mzee Athuman ameshampakia chokaa vyumba viwili pale Chang'ombe, na kodi amegoma kupokea hata shilingi.

Asante sana, dada yetu. Tunakuombea afya na mapumziko yenye raha. Mizigo yako usiiguse. Jumamosi tunakuja kuihamisha sisi.

Cornel, kwa niaba ya wenzako wa Marejesho