LaVonne Kucera na Jora la Kuku

Ndugu waombolezaji, Padre Jerome ameniomba wasifu huu uwe mfupi. Nimemwahidi nitajitahidi. Lakini ninayemsoma hapa ni dada yangu, na dada yangu hakuwahi kuingia mahali akatoka mapema, kwa hiyo kaeni vizuri.

Marehemu LaVonne Marie Kucera alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika shamba la wazazi wetu, marehemu Emil na Agnes Zajicek, kaskazini ya mji huu wa Wilber, jimbo la Nebraska. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Mimi, Renae, ndimi kitindamimba, na tulipishana miaka kumi na minne. Mama alikuwa akisema kwamba LaVonne ndiye aliyenilea. LaVonne naye alikuwa akisema hivyo hivyo, mara nyingi, na mbele za watu.

Alianza masomo katika shule ya darasa moja iliyokuwa karibu na mto, kisha akajiunga na sekondari ya hapa mjini, alikohitimu mwezi Mei 1966. Akiwa darasa la saba alipeleka aproni aliyoishona mwenyewe kwenye maonyesho ya wilaya. Akapata utepe wa mshindi wa pili. Jaji alisema kazi ni safi ila mfuko umekaa upande. Mfuko ulikuwa umekaa upande kweli, nimeuona, lakini marehemu hakumsamehe yule mama hadi mwisho. Jaji naye alishatangulia, na nadhani sasa hivi wanalizungumza.

Kuanzia mwaka 1968 hadi alipostaafu mwaka 2004, marehemu alifanya kazi kwenye mzani wa ghala la nafaka la ushirika. Wakulima mliopo hapa mnamkumbuka. Lori la mahindi lilikuwa halitoki mzanini mpaka dereva aeleze mama yake anaendeleaje na binti yake ameolewa na nani. Foleni ya malori ilifika barabara kuu, watu wanapiga honi, yeye amechungulia dirishani anauliza habari za mjukuu.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Milo Kucera katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Kent na Annette. Milo alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa mke yule nadhani hakuwa na njia. Marehemu alikuwa akimficha vitambaa vya kushonea alivyovinunua, anavitia kwenye friza kubwa ya ghalani, chini ya nyama ya nguruwe, vimefungwa kwenye karatasi ya bucha kama vipande vya paja. Jumapili moja Milo akatoa furushi ili liyeyuke kwa chakula cha mchana, akalifungua, akakuta maua ya zambarau. Alilipeleka jikoni, akaliweka mezani, akauliza, "Hii inaiva kwa muda gani?" Milo alitutoka mwaka 2011.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusu yenu mnalijua na nusu nyingine mnalisubiri.

Nilipokuwa ninaolewa na Duane Tietjen, tarehe 14 Oktoba 1989, dada aliniahidi mfarishi wa ndoa, ule wa vipande vilivyoungwa kimoja kimoja kwa sindano. Alichagua kitambaa cha buluu chenye kuku wadogo weupe, kwa sababu nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilala na kuku bandani na ilibidi anitoe kwa nguvu. Akakata kitambaa chote kwa usiku mmoja. Asubuhi akaanza kuunga, ndipo akaona kwamba amekata nusu ya vipande juu chini. Kuku wa upande mmoja wamesimama, wa upande mwingine miguu juu. Nilimwambia sioni tatizo, blanketi ni blanketi. Akaniambia bibi harusi halali chini ya kuku waliokufa.

Dukani kitambaa kilikuwa kimekwisha. Na wanaoshona mnajua, kitambaa cha namna hiyo kikiisha kiwandani hakirudiwi. Kwa hiyo ukaanza msako. Kila mwezi Juni, maduka ya vitambaa yanapofanya ule msafara wao, wateja wanazunguka duka hadi duka na kila duka linawagongea muhuri kwenye kadi, dada na rafiki zake wawili, Darlis Bruha na Phyllis Oltmans, walipanda gari na kuondoka. Nasema gari, ni gari langu. Dada hakuruhusiwa kuendesha, maana akiona bango la duka la vitambaa alikuwa anageuza shingo na usukani pamoja.

Mimi sishoni. Miaka hiyo sikuwahi hata kutunga uzi kwenye sindano. Nina ng'ombe wa kukamua na mume wa kulisha, na kila Juni niliwaacha wote ili kuwazungusha wanawake watatu Nebraska nzima, Kansas, Iowa, na ule mji wa Missouri ambao barabara yake yote ni vitambaa na vitambaa tena. Nje ya maduka haya huwa kuna benchi la waume. Nimekaa kwenye mabenchi hayo na wanaume wa majimbo manne, tunazungumza bei ya soya, huku wake zao na dada yangu wakipapasa jora moja baada ya jingine kama wanaopima homa ya mtoto. Wakitoka hawatoki. Darlis anarudi kuchukua uzi, Phyllis anamfuata kumsaidia kuchagua, dada anamfuata Phyllis. Nikawa nawasha injini ili waone nimechoka. Haikusaidia hata siku moja. Dada alikuwa akipunga mkono dirishani akiniambia kwa ishara kwamba anakuja, kisha anapotelea ndani.

Kila mwaka nilimuuliza kama amekipata. Kila mwaka alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema labda mwakani.

Mwezi Septemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo, akazidiwa tena. Nami nataka niseme wazi kilichokuwa kinaniuma. Nilijua dada anakwenda, na niliona anakwenda akiwa na deni la moyo kwa ajili ya kitambaa. Kwa hiyo Juni 2023, ingawa hakuweza kutembea kutoka mlangoni hadi garini bila kushikwa, nilisema tutakwenda, na mwaka huo kitapatikana hata kama ni kwa kupekua maghala.

Tulikipata. Katika mji mmoja mdogo ng'ambo ya mji wa Broken Bow, kwenye duka lililokuwa benki zamani. Siku hiyo sikukaa kwenye benchi, niliingia ndani kumshika dada mkono na kumketisha karibu na mlango. Nikainama kuokota fimbo yake, na pale kwenye rafu ya chini kabisa, kati ya vitambaa vilivyopunguzwa bei, lilikuwapo jora la buluu lenye kuku weupe. Nilipiga kelele hadi mwenye duka akatoka nyuma na mkasi mkononi. Darlis akatoa kwenye mkoba kipande cha kile kitambaa cha kwanza, alichokuwa anatembea nacho miaka yote kama mfano, tukaviweka pamoja. Kuku ni wale wale. Hata mdomo ni ule ule.

Dada akakitazama kitambaa kwa muda, akasema, "Sicho."

Nikamwambia avae miwani. Akasema amevaa. Akasema buluu hii imekolea mno. Nikawatazama Darlis na Phyllis, na wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa wanasoma bei za vifungo. Nilitoka nje, nikaingia garini, nikawasha injini. Safari hiyo hakunipungia mkono. Walimleta polepole, wakamketisha mbele, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshauacha mji ndipo aliposema, akiwa ametazama barabara, "Renae, ningekinunua leo, Juni ijayo ungekuja kunichukua kwa sababu gani?"

Nikamwambia si angeniambia tu kwamba anataka tutembee.

"Wewe?" akasema. "Uliwahi lini kutembea tu, wewe?"

Nikamuuliza amekiona mara ngapi kitambaa hiki. Akasema tangu tulipokwenda mji wa Beatrice. Beatrice ilikuwa mwaka 1991. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Phyllis alikuwa analia na Darlis anamenya yai la kuchemsha, na nikajua kwamba walijua, wote, miaka yote. Nilikasirika. Bado nimekasirika. Miaka yote hiyo Duane amelala chini ya blanketi la kununua. Ningekuja, dada. Ningelalamika njia nzima, lakini ningekuja.

Nikageuza gari, nikarudi, nikanunua jora zima. Mwenye duka akaniuliza ninashona nini, nikamwambia sijui.

Majira ya baridi hayo tuliyapitisha nyumbani kwake. Cherehani hakuiweza tena, kwa hiyo alilala kwenye kochi na mimi nikashona, na alinifokea kama alivyonifokea nikiwa na miaka sita. Alinifumulisha. Niliunga pindo moja mara tano. Siku moja nilitupa mkasi nikasema basi, akanijibu kwamba yeye ndiye anayekufa na hajasema basi. Nikauokota.

Kilibaki kipande kimoja. LaVonne alifariki dunia nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024, alfajiri, mimi, Darlis na Phyllis tukiwa tumeketi karibu naye. Kipande hicho nilikishona Jumatano peke yangu, macho yakiwa hayaoni vizuri. Darlis alikuja kukiangalia. Akatoa mkobani kifaa cha kufumulia mishono. Kuku wa kona ile walikuwa miguu juu.

Nimemkatalia. Mfarishi ndio huo mnaouona juu ya jeneza. Mkipita kumuaga, tazameni kona ya chini kulia, na nawaomba mafundi mliopo, msiniambie kitu. Tutauondoa kabla hajashushwa kaburini, maana alisema wazi kwamba asizikwe nao, ni wangu, na usiku wa leo mimi na Duane tutalala chini yake pamoja na kuku wetu waliokufa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Kent na mkewe Shari, na Annette. Wajukuu watatu, Tyler, Brooke na Cody. Mimi mdogo wake na shemeji yake Duane. Kaka yetu Leonard, anayeishi mji jirani wa Crete. Rafiki zake Darlis na Phyllis, ambao nimewaandika hapa kama familia kwa sababu nikiwaacha sitakula kwa amani chakula kinachotusubiri ukumbini. Na friza moja ambayo Kent hajathubutu kuifungua. Wametangulia mbele yake wazazi wetu, mumewe Milo, na ndugu zetu Raymond na Marcella.

Jana, tukimenya viazi, Phyllis aliuliza kama Juni gari langu lipo. Nikamuuliza tunakwenda kutafuta nini, na kitambaa tumeshakipata. Akasema hatutafuti kitu. Nikamwambia nitaendesha.

LaVonne, dada yangu, pumzika huko ulikoingia na uangalie kila kitu kwa nafasi. Mimi nipo hapa nje, na leo injini sijaiwasha.