Nakutwaa: Maisha ya Karani Thurstan Wyvill

Marehemu Thurstan Wyvill alizaliwa mjini Beverley, siku ya Mtakatifu Luka mwaka 1338, mtoto wa tatu wa fundi viatu Hamo na mkewe Sabina.

Alisoma kwa mapadri, akatoka na Kilatini safi na mwandiko ambao watu walionyeshana. Akawa karani wa kuandika wosia, na pembeni akawatungia mabwana wa makasri mashairi ya mapenzi. Mashairi hayo yana kanuni zake: mpenzi hupiga magoti, hukonda, huomba tabasamu moja tu, na ndoa haitajwi, kwani inasemekana mapenzi huishia mlangoni pa kanisa. Thurstan aliyaamini hayo mpaka alipomwona Idonea, binti wa Mzee Roland Skerne, mfanyabiashara wa sufu.

Na hapa ndipo utamu ulipo! Tarehe 24 Juni 1362, siku ya Mtakatifu Yohane, alimsomea Idonea shairi bustanini mwa Mzee Skerne, wafuaji nguo wawili wakisikia. Kanuni alikuwa ameipindisha kidogo: mwishoni mpenzi angeahidi, "Nitakutwaa uwe mke wangu." Lakini mizani ilizidi moja. Thurstan akasoma, "Nakutwaa."

Idonea hakungoja avute pumzi. "Nami nakutwaa."

"Shoga," mfuaji mmoja akamwambia mwenzake, "hawa si ndiyo wameshaoana?"

Walikuwa wameoana. Kwetu "nitakutwaa" ni ahadi, na "nakutwaa" ni ndoa, hata pasipo padri.

Mzee Skerne alikwisha kumposesha binti yake kwa mgane mwenye mashamba. Alifika mahakama ya kanisa kuipinga ndoa hiyo, amefura, akamvuta Thurstan kando. "Sikiliza, kijana. Sema ilikuwa mizani tu, kila mtu aende kwao."

Hakimu naye akamfungulia mlango huo huo. "Karani, neno hilo lilikuponyoka kwa ajili ya mizani?"

Idonea alikuwa amesimama palepale. Jibu moja tu, na jioni ile angekuwa tena mchumba wa yule mgane.

"Mheshimiwa," Thurstan akasema, "mizani imenishinda mara nyingi, na kila mara nimeubadili mstari mzima. Ule sikutaka kuubadili."

"Ulijua maana yake?"

"Mimi ni karani. Maneno ndiyo yanayonilisha."

Ndoa ikathibitishwa. Wafuaji walishangilia mpaka wakatolewa nje.

Washairi wenzake walimtania miaka mingi. "Umetuharibia kazi, bwana. Sasa utamlilia nani?"

"Mke wangu."

"Umlilie nini, na unaye ndani?"

"Jana alinuna kutwa nzima. Hamjui nilivyokonda."

Alimtungia Idonea shairi jipya kila siku ya Mtakatifu Yohane, na yote ishirini na manane yapo.

Baada ya Pasaka ya mwaka 1391 kiharusi kilimpata, kikamnyima ulimi. Idonea alimsomea mashairi yake, akikosea maneno makusudi ili amwone akikunja uso. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa Idonea. Tumeumia sana, lakini tunajivuna vilevile.

Ameacha watoto wawili, Hugh na Amice anayewasomea haya, wajukuu watano, na Idonea, ambaye Thurstan siku ile mahakamani angeweza kumwita msichana fulani wa shairini, naye akamwita mke.

Mungu ampe Thurstan pumziko lenye amani.