Mlango Niliouziba

Ndugu zangu, na mama zangu mliokaa upande wa pili wa pazia, amani iwe juu ya kila mmoja wenu. Mzee wa chama chetu amenitaka nisimame niseme yaliyonipata katika ile nyumba kubwa ya udongo iliyo juu ya ufuko. Nimekubali. Lakini nawaambia mapema: mengine katika haya siyakumbuki. Nimeambiwa. Nikisema "nilifanya", jueni kwamba pengine maana yake ni "wanasema nilifanya". Nimejaribu sana kutenganisha haya mawili, nimeshindwa, kwa hiyo mtanivumilia.

Mnanijua. Nilikuja Rumonge, mji wetu huu wa ziwani, kutoka Usumbura, ambako nilibeba matofali ya boma la Wadachi wa Ujerumani mpaka nikajifunza kuyapanga. Hapa nikaoa binti wa kijiji cha Kizuka, tukakaa katika kibanda nyuma ya soko. Yeye anakamua mawese, mimi najenga vijumba vya watu. Hatukuwa na kitu, ila hatukulala njaa.

Nyumba ile mnaijua pia. Aliijenga mfanyabiashara wa pembe, zamani, kabla Wadachi hawajafika ziwani. Walipofika na amri zao alipakia mali yake akaenda Ujiji, akafia huko. Nyuma aliacha mwanamke mmoja wa nyumbani mwake, aliyemleta kutoka Manyema akiwa msichana. Sitamtaja jina, na mwenyewe yuko humu ndani, tena najua ananikodolea macho. Sisi tunamwita Bibi. Miaka yote hiyo alikaa peke yake katika chumba kimoja cha nyuma, huku vyumba vingine vikimwangukia kimoja kimoja.

Siku moja alimwita mke wangu aliyekuwa akipita na mtungi wa mafuta. Akamwambia nyumba yake inaanguka na yeye hana mikono ya kuisimamisha. Tukiitengeneza, upande wa mbele uwe wetu maisha yetu yote. Upande wa nyuma ni wake mpaka atakapokufa. Tukapatana hivyo mbele ya mashahidi, na wawili kati yao nawaona wamekaa pale.

Sasa, nyumba kubwa kama ile mtu huitengenezaje bila fedha? Kidogo kidogo. Mke wangu akiuza mawese, tunapata kapu la chokaa. Nikimjengea mtu jiko, ananilipa kwa misumari. Tulianza na baraza, kwa sababu mke wangu alisema mtu akipita aone kuna watu. Kisha chumba kimoja, tukahamia humo. Udongo wa matofali tulichimba kwenye kichuguu, tukaukanyaga kwa miguu yetu wenyewe. Mlango wa mbele, ule wa nakshi, mchwa walikuwa wameula chini hadi usawa wa goti. Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga ubao mpya usio na nakshi yoyote. Watu walicheka. Mke wangu alisema mlango uliovaa kiraka unafunga sawasawa na mlango mwingine.

Shida ilikuwa paa. Paa la nyumba zile ni miti mizito iliyolazwa, juu yake udongo, na miti ya namna hiyo ilipatikana msitu wa Kigwena tu. Nikaenda Kigwena. Nilikaa kule siku nyingi nikikata miti, nikirudi, nikienda tena. Kule kuna mbung'o wengi. Wanauma hata juu ya nguo. Niliwapiga kofi, nikaendelea na shoka langu. Nani anahesabu mbung'o?

Ndugu zangu, kuanzia hapa mambo yanachanganyika.

Kwanza ilikuwa homa, ikaja ikaenda. Kisha kichwa. Kisha usingizi wa mchana. Usiku nilikodoa macho, mchana nikisimama na mwiko mkononi najikuta nimekaa, na jua limehama. Nilipima ukuta kwa kamba, nikapata kipimo. Nikapima tena, kamba ileile, nikapata kingine. Nilifikiri mtu anaikata kamba. Niliificha chini ya mkeka, kisha nikasahau nilipoificha, nikamlaumu mke wangu.

Nilijenga ukuta wa chumba cha pili. Mke wangu akaja akautazama, akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha Kizuka, "Mulango iko wapi?" Nikatazama. Kweli, hapakuwa na mlango. Nilikuwa nimejenga nikijizunguka mwenyewe, nikiwa ndani. Nikabomoa, nikajenga upya. Nikabomoa tena. Ukuta ule niliujenga mara tatu, na mara ya tatu ndiyo nilikasirika, nikasema ni yeye anayenitia wasiwasi kwa maswali.

Halafu likaja jambo la unga. Hili mnalijua, maana mlicheka mji mzima. Nilipiga lipu ukuta wa mbele kwa unga wa muhogo. Nilidhani ni chokaa. Vyote vyeupe, vyote vimo kapuni. Mke wangu alirudi sokoni akakuta kuku wa jirani wanadonoa nyumba yetu. Nami nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Nilisimama nikiwatazama kuku wale nikijiuliza wana ugonjwa gani hata wanakula chokaa.

Watu wakaanza kusema. Wengine walisema yule mfanyabiashara hajaondoka, yumo ukutani. Wengine walisema Bibi ameweka kitu chini ya kizingiti ili atutumikishe bila malipo. Shemeji zangu walitoka Kizuka wakamwambia dada yao afunge mzigo wake. Hakufunga. Alikwenda kwa mganga akaleta dawa ya kufukiza, tukajaza moshi vyumba vyote mpaka Bibi akakohoa siku mbili na kutukana ukoo wangu wote. Usingizi ulibaki palepale.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Hili nimeambiwa.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Mke wangu alirudi, akapita uani, akakuta chumba cha Bibi hakina mlango. Palipokuwa na mlango pana ukuta, udongo bado mbichi. Mimi nimelala chini yake, mwiko mkononi. Akaita, "Bibi!" Hakuna jibu. Akavunja ukuta kwa mikono. Kucha zake mbili zilitoka, hazijaota vizuri mpaka leo.

Bibi alikuwa ndani, amekaa kitandani. Ameshatawadha kwa maji ya kunywa yaliyokuwamo, amejifunga kanga yake safi, anangoja mauti. Alijua amezikwa. Alisema baadaye kwamba tofali lilipofika kifuani aliniita kwa jina langu mara mbili, akaniuliza nafanya nini. Nami nilimjibu kwa adabu, "Karibu namaliza, Bibi."

Nawaambia kweli, kila ninapolisema jibu hilo nasikia ni mtu mwingine.

Mji ulijaa barazani kwetu jioni ileile. Mliofika mnakumbuka zaidi yangu. Wengi walisema jambo liko wazi: nimetaka kumwua mwanamke mzee nichukue upande wake. Wakasema nipelekwe bomani Usumbura, nifungwe minyororo. Nikaulizwa kama nimeuziba mlango. Nikasema hapana. Nikaulizwa tena. Nikasema hapana, na niko tayari kuapa. Na mikono yangu hii ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nasema kweli, ndugu zangu. Na wao pia walikuwa wanasema kweli. Mimi sijui mtu afanye nini akifika mahali kama hapo.

Basi, wakati wanajadili nani atanifunga kamba, nikasinzia. Mbele yao wote. Mtu anayehukumiwa, kidevu kifuani, anakoroma.

Baadhi walisema huo ndio ujeuri wenyewe. Bibi hakusema hivyo. Aliinuka alipokuwa amekaa, akawataka wanyamaze, akaja akanishika shingo, hapa nyuma, akabonyeza kwa vidole. Nilizinduka nikamwona usoni karibu sana, nikadhani amekuja kulipa kisasi.

"Huyu hakutaka kuniua," akawaambia. "Huyu anaumwa. Njoni mguse. Shingo imeota vinundu kama punje za mahindi. Kaka yangu alianza hivi hivi huko kwetu, nasi tukampiga kwa uvivu mpaka akafa."

Wakaja mmoja mmoja wakanigusa shingo. Hakuna aliyezungumzia minyororo tena. Mmoja akalitaja jina la ugonjwa: malale, ule usingizi wa mbung'o. Mara watu wakasogea nyuma.

Wakati ule Wadachi walikuwa wameweka kambi ya wagonjwa wa malale kusini, mwendo wa siku kwa mtumbwi. Mnakumbuka yaliyosemwa kuhusu kambi hiyo. Anayeingia haonekani tena. Daktari anawadunga watu sindano mpaka wanapofuka. Kwa hiyo Bibi aliposema nipelekwe huko, mimi, katika ule ukungu wangu, nilielewa jambo moja tu, na nililielewa vibaya. Nilielewa kwamba hawa wanawake wawili wanataka nyumba. Mimi nimekata miti, nimekanyaga udongo, na sasa paa limekaribia kwisha wananitoa.

Nilimwambia mke wangu hivyo. Nilimwambia mbele ya Bibi, "Mmepatana mnitoe."

Hakulia, wala hakukana. Alisema, "Ndiyo, tumepatana. Simama, twende."

Nikasimama. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka kuwa mtu pekee anayejua ukweli.

Kambi siikumbuki vizuri. Nakumbuka mstari mrefu, na sindano, na mkeka wa jirani yangu uliokunjwa asubuhi moja, kisha wa jirani wa upande wa pili. Nilidhani wamekwenda nyumbani. Mke wangu alikuja mara nyingi, anasema. Mimi nakumbuka mara mbili. Mara moja nilimpokea kama mgeni, nikamwuliza habari za Kizuka. Alinijibu zote, akanilisha, akarudi mtumbwini. Anasema alikaa amenipa mgongo mpaka mtumbwi ukafika mbali na kambi.

Kisha, polepole, siku zikaanza kuwa siku. Nilijua hii ni asubuhi, na kile ni kijiko, na jana nilikula samaki. Mtu ambaye hajapotewa na hayo hawezi kujua utamu wake. Daktari alinigusa shingo, akatazama damu yangu katika chombo chake, akasema nirudi kwetu, ila niende kuchunguzwa kila baada ya miezi kadhaa. Jicho langu la kushoto limefifia. Wengine wanasema ni dawa, wengine wanasema ni ugonjwa. Mimi nashukuru la kulia.

Nilirudi nikakuta nyumba imeezekwa. Miti ya Kigwena waliilaza watu wa chama hiki, zamu kwa zamu, na nilikuwa sijawahi kumsaidia hata mmoja wenu katika lolote. Mke wangu alikuwa amejifunza kupanga matofali. Kuna ukuta wake mmoja umepinda, anaupenda sana, haruhusu uguswe. Nilizunguka nyumba nzima nikijaribu kujua kipi nilijenga mimi nikiwa mimi, na kipi nilijenga nikiwa yule mwingine. Sikuweza kutofautisha. Lipu ni ileile.

Nilikwenda kwa Bibi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikakaa mbele yake. Mtu anaombaje msamaha kwa jambo ambalo halimo kichwani mwake? Nikimwambia najuta, nadanganya, maana sikumbuki. Nikinyamaza, ni ubaya mkubwa zaidi. Mwishowe nilimwambia hivyo hivyo. Nikasema, "Bibi, sikumbuki. Lakini nasadiki. Nisamehe."

Alitafuna tumbaku yake kwanza. Akasema amenisamehe tangu siku ya baraza. Kisha akasema hataki nishike mwiko upande wa nyuma yeye akiwa ndani. Mpaka leo iko hivyo. Nikija na ndoo ya udongo, anachukua kigoda chake anakwenda kukaa uani mpaka nimalize. Mwanzoni iliniuma. Sasa namsubiri atoke, namshika mkono pale kwenye kizingiti, ndipo naanza.

Ndugu zangu, namaliza. Kwanza niwashukuru ninyi mliopanda juu ya paa langu. Mlinifanyia kazi wakati sikustahili hata salamu. Namshukuru Bibi, ambaye alikuwa na kila haki ya kuniacha nifungwe, akanyoosha mkono akanigusa. Na mke wangu, yuko pale nyuma ya pazia, hapendi kutajwa, namwambia asante kwa lugha ya kwao: murakoze. Murakoze cane.

Mafundisho sina mengi, mimi ni mtu wa matofali. Mwenzako akibadilika, akawa mvivu ghafla, akawa mkali, akafanya jambo lisilo na kichwa wala miguu, usikimbilie kusema ni mbaya au amerogwa. Mguse shingo. Mpeleke wanakojua kutibu, hata akikuita msaliti njia nzima.

Na la pili ni kwa yule anayeumwa, kama yumo humu na hajijui. Watu wanaokupenda wakikuambia umefanya jambo ambalo wewe hulioni kabisa, usiape haraka kwamba ni waongo. Nyamaza kidogo. Waache wakushike mkono. Mimi siku ile ya mlango siijui, na sidhani nitaijua kamwe. Mke wangu anaijua, na nimekubali yeye aijue kwa niaba yangu.