Jicho la Kushoto la Elia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nitasema kwa kifupi. Magoti yamechoka na mwenyewe nimechoka, lakini shukrani hii hainipi usingizi.

Mjukuu wangu Elia alizaliwa na kidoa cheupe juu ya jicho la kushoto, utadhani kaumwa na mbu. Wiki chache kikawa chekundu, kikavimba, laini kama nyanya iliyoiva. Akilia kinaiva zaidi. Jicho likaanza kufunikwa.

Pale Kariakoo ninapouza vitenge kila mteja alikuwa na lake. Mkwe wangu Neema akaambiwa alitamani nyama akiwa na mimba, akajikuna usoni, ndiyo maana mtoto ana alama palepale. Binti wa watu akawa anambeba mtoto kafunikwa kanga gubigubi, joto lote lile. Niliomba, uvimbe ukakua.

Ndipo wifi yangu akaja na wembe mpya. Kila uvimbe yeye huuchanja, damu mbaya itoke. Alishamlaza mtoto mapajani.

"Wifi, leo damu, kesho jicho wazi," akaniambia.

Neema akanitazama. Ndugu zangu, nilichoka, nilitaka tu yaishe. Nikafungua mdomo niseme "haya, chanja", likatoka neno jingine: "Weka wembe chini." Halikuwa langu. Lilikuwa la Bwana.

Tukachukua bajaji mpaka hospitali, Upanga. Daktari, binti wa Kihindi, akanipa shikamoo, akabonyeza uvimbe. Ukafifia, alipoachia damu ikarudi. Akauliza ulianzaje, Neema akaeleza. Daktari akasema afadhali, maana yale mabaka bapa ya rangi ya zambarau mtoto huzaliwa nayo akazeeka nayo. Uvimbe huu hukua, kisha hunywea. Ila jicho changa likifunikwa muda mrefu hupoteza kuona.

"Bibi, humu ni vijishipa vya damu vitupu. Kwenye hadubini vimebanana kama watu Mtaa wa Kongo mkesha wa Krismasi. Mngechanja, damu ingekataa kukatika."

Neema akauliza habari ya nyama. Daktari akasema ingekuwa hivyo, nusu ya Dar ingekuwa na mabaka. Neema akalia palepale, akaikunja ile kanga.

Mtoto akapimwa moyo kwanza, maana dawa yenyewe hugusa mapigo ya moyo, akapewa dawa ya maji. Kliniki, foleni, kliniki tena. Uvimbe ukanywea polepole. Wekundu bado upo na ngozi imelegea, siwadanganyi. Lakini jana nilimziba jicho la kulia kama daktari alivyonifundisha. Akanyoosha mkono, akanivua miwani.

Wewe uliyemfunika mwanao kanga, mfunue. Mwamini Bwana, umpeleke hospitali. Asante Yesu. Naomba kukaa.