Picha ya Nne ya Marehemu Benedicto Semboja

Marehemu Benedicto Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kambi za wafanyakazi wa mkonge, Ngombezi, Korogwe. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, kisha akafanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kusaga majani ya mkonge, hadi 1994. Ndipo alipohamia Chanika, Handeni, akafungua kibanda cha picha za paspoti. Wengi wenu mliokaa hapa aliwapiga picha yeye. Siku hizo hamkumwita mchawi.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Edna, wakajaliwa binti mmoja, Yusta, anayeusoma wasifu huu.

Uzeeni alipenda vipepeo. Kwenye mndimu wa uani alipiga picha ya yai, ya kiwavi na ya pupa. Ya nne, kipepeo akitoka kwenye ganda, ilimpiga chenga miaka minne. Akigeuka tu kumimina chai, mwenzake ameshatoka. Alimwambia kiwavi kama alivyowaambia wateja: "Tulia, kidevu juu." Sasa, kiwavi wa mndimu akiguswa hutoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Simeo, mdogo wa marehemu, alimgusa.

"Kaka, unafuga mdudu mwenye pembe?"

"Umemchokoza, Simeo. Mwache, atazirudisha."

Simeo hakuacha. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Benedicto anafuga uchawi.

Januari 2025 marehemu alipata kiharusi, akalazwa. Kwenye mndimu alikuwa ameacha pupa watano, na kitandani alizihesabu siku zao. Siku ya kumi na mbili alimbembeleza daktari hadi akamruhusu, ili awawahi. Alikuta kisiki na majivu. Simeo alikuwa ameukata mndimu na kuuchoma, eti anamponya kaka yake.

"Walikuwa watoke leo," marehemu alimwambia Yusta. Hakuishika tena kamera. Alifariki nyumbani, Jumanne, tarehe 3 Juni 2025.

Jana wazee wa ukoo walimwomba Yusta aifute aya hiyo ya kukatwa mndimu ili msiba uishe salama. Hakuifuta. Ana hasira, na hataki kuificha.

Nyuma ya ratiba hii ya mazishi mliyoishika zimechapwa picha tatu na fremu ya nne nyeupe. Si kosa la mchapaji.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu watatu, na mdogo wake Simeo, yule pale mstari wa mbele. Benedicto na apumzike kwa amani. Simeo asiitegemee.