Koti la Msumarini

Lori la kufuata dagaa lilipoanza kuteremka kutoka Mbinga, upepo wa milimani uliwaingia abiria mpaka mifupani. Edina aliegemea magunia, macho yote kwenye kifua cha mama yake, Marselina. Mtoto wa Edina, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, alikuwa amefungwa pale uchi chini ya khanga, ngozi kwa ngozi. Walikuwa wanampeleka hospitali ya Liuli.

"Shikamoo, mama," alisema Jastini, mchuuzi wa mitumba ambaye hawakuwa wakimjua. "Utamuua mtoto kwa baridi. Mvike koti hili, lina joto la Ulaya."

"Marahaba," Marselina akajibu. "Lilipolala limetundikwa msumarini, asubuhi ulilikuta na joto?"

Jastini akalikung'uta koti. Wateja wake hawakuwa na kawaida ya kuuliza hivyo. "Koti linatunza joto, mama!"

"Haya, linatunza. Anayewasha ni nani?"

"Si wewe! Meno yenyewe yanagongana."

"Mwili ukipoa hujitikisa mpaka uwake, mwanangu. Kutetemeka huku ndizo kuni zangu."

Edina aliingiza mkono chini ya khanga. Bega la mama yake lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini mgongo wa mtoto, mdogo kama kiganja, ulikuwa na joto la kiazi kilichotoka majivuni. Akaduwaa: anayetetemeka ndiye jiko!

Jastini akawafunika Marselina na mtoto kwa koti. "Tutaona nani anampa joto."

Lori liliposimama Liuli, mtoto alilia kwa nguvu ambayo Edina hakuwahi kuisikia.

"Umeona?" walisema Jastini na Marselina kwa pamoja.